Moshi kutoonekana haimaanishi zebaki imeisha

Kuna hii imani ya siku nyingi kwamba mtambo wa umeme wa makaa ya mawe ukishafungwa filta na dohani ikaacha kutoa moshi mweusi basi sumu imekwisha. Hapana jamani, moshi mweusi ni habari ya masizi na majivu, zebaki, ile metali yenye sumu iliyomo kwenye makaa, ni kitu kingine. Makaa yakiungua, joto la tanuri linaigeuza zebaki kuwa gesi isiyo na rangi wala harufu, gesi ikipoa kiasi fulani kinajishika kwenye majivu lakini nyingine inapita kwenye filta kama maji kwenye chujio la chai. Mtu atasema si kuna zile mashine za kuosha gesi kwa maji na chokaa? Zipo, ila zebaki tupu haiyeyuki kwenye maji, inabidi iungane kwanza na klorini au bromini, ndo maana baadhi ya mitambo Marekani wanaweka bromini kwenye makaa, au wanapuliza unga wa mkaa wenye vitundu vidogo mno, zebaki inanasa kwenye unga, halafu filta ileile ya majivu ndo inaudaka. Huko Marekani EPA, shirika la serikali la kulinda mazingira, ilikamilisha kanuni ya zebaki kwa mitambo hii Desemba 2011, wakati filta za majivu zilishakuwepo miaka mingi.