Je, wajua kwa nini mwanafunzi mmoja huandikwa mistari mitatu kwenye kompyuta?

Chukua mtoto aliyeanza Gredi 1 Kondele, Kisumu. Akiwa Gredi 4, mama yake akapata kazi Nakuru wakahamia huko. Mwaka uliofuata akarudi Kondele kwa nyanya yake, shule ile ile ya kwanza. Sasa mwalimu ataandika nini pale palipoandikwa "Shule"? Akifuta Nakuru na kurudisha Kisumu, mwaka mzima wa mtoto huyu umepotea.

Ndiyo maana mtoto hafungwi moja kwa moja na shule. Wanafunzi wana jedwali lao, shule zina lao, na katikati huwekwa jedwali la tatu, la usajili. Kila mstari wake una nambari ya mwanafunzi, nambari ya shule, tarehe ya kuingia na tarehe ya kutoka. Mtoto wetu ana mistari mitatu. Ule ambao tarehe ya kutoka iko tupu ndio unaosema yuko wapi leo. NEMIS, mfumo wa serikali wa kutunza taarifa za elimu hapa Kenya, ulimpa kila mwanafunzi aliyesajiliwa nambari yake, UPI, ambayo haibadiliki akihama shule.

Wazo la kuunganisha majedwali kwa nambari zinazolingana lilitolewa na Edgar Codd wa kampuni ya kompyuta ya IBM mwaka 1970. Mwaka 1976 Peter Chen akaonyesha jinsi ya kulichora: vitu kwenye mistatili, uhusiano kwenye umbo la almasi.

Linalonigusa zaidi ni upande wa walezi. Fomu nyingi zina nafasi moja tu, "Mzazi". Lakini huku kwetu mtoto hulelewa na nyanya, karo ikalipwa na mjomba, na shangazi ndiye anayefika kwenye mkutano wa wazazi. Ukilazimisha jina moja, umewafuta watu wawili wanaomlea. Hapa pia linahitajika jedwali la katikati: mtoto nani, mtu mzima nani, ni nani wake, anaruhusiwa kumchukua shuleni au la, apigiwe simu wa kwanza au wa pili. Na nyanya mwenye wajukuu watano shuleni huandikwa mara moja tu. Akibadilisha laini, karani husahihisha nambari mahali pamoja, na wajukuu wote watano wameshapata ile mpya. Mmoja wao akishikwa na homa saa tano asubuhi, simu inaita Kondele.