Waridi la jangwa halichukii maji

Wateja wangu wengi wakija kuniuliza habari za waridi la jangwa, jibu tayari wanalo: "Huu si mmea wa ukame? Basi kikombe kimoja kwa wiki kinautosha." Masika yakipita wananitumia picha ya shina lililolegea kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, na swali jipya: "Mbona nilikuwa siumwagilii?"

Msimamo wangu, baada ya miaka mingi ya kuotesha na kuuza maua hapa Dar es Salaam, ni huu: waridi la jangwa linapenda maji, tena mengi, ila linataka yapite. Januari na Februari, jua likiwa linaunguza na mmea una majani ya kutosha, ile iliyo kwenye vyungu vidogo naimwagilia siku moja naruka siku moja. Simwagilii kwa kijiko. Namimina mpaka maji yatiririke kwenye matundu ya chini. Haiozi. Inayooza ni ile iliyopandwa kwenye udongo mweusi wa bustani, ikapewa kikombe kimoja cha huruma, na kikombe hicho kikabaki mle chunguni siku kumi.

Ili uelewe kwa nini, angalia linakoota lenyewe bila kupandwa. Adenium obesum, kama wataalamu wanavyouita mmea huu, unaanzia Senegal, unafuata ukanda wa Saheli hadi Sudan, Ethiopia na Somalia, unashuka Kenya na Tanzania, na ng'ambo ya bahari unapatikana Yemeni na kwenye milima ya Dhofar huko Omani. Kwetu, ukipita pande za Same na Mkomazi wakati wa kiangazi, utauona kwenye miteremko yenye mawe, hauna hata jani moja, lakini ncha za matawi zimejaa maua ya waridi. Mvua ya kule haichezi inaponyesha. Inapiga, maji yanashuka kati ya mawe, mizizi inalowa chapachapa, na kesho yake jua limeshakausha kila kitu. Mmea unakunywa haraka, unaweka akiba kwenye lile shina la chini lililovimba (kitaluni tunaliita tumbo), kisha unangoja. Haukuzoea kiu peke yake. Umezoea kulewa maji kisha kukaukiwa. Usichouzoea kabisa ni unyevunyevu unaokaa.

Kwa hiyo kazi kubwa ni udongo, na hapo ndipo ningependa mtu atumie pesa yake kabla ya kununua mbolea yoyote. Mchanganyiko wangu ni sehemu mbili za mchanga wa mto wenye chembe kubwa, sehemu mbili za kokoto ndogo kabisa au yale mawe mepesi ya volkano yanayotoka Arusha, sehemu moja ya pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi (zikigeuka majivu umeharibu), na sehemu moja ya mboji iliyooza vizuri. Mchanga wa pwani usiuguse: una chumvi, na chembe zake ni laini mno. Na hata mchanga wa mto upitishe kwenye chekeche kwanza. Lile vumbi linalodondoka chini ndilo adui, maana likilowa linaziba nafasi zote ambazo hewa ingepita. Nikimaliza kuchanganya, nalowesha gao moja, nalibana kwa nguvu, nafungua kiganja. Likibaki donge, naongeza kokoto. Likisambaratika, napanda.

Chungu kiwe kipana kuliko kirefu, cha udongo wa kuchoma ukiweza, na matundu yake yawe ya kweli. Vile vyungu vya saruji vinavyopakwa rangi nzuri, vingi havina tundu, au vina tundu la kuingiza kalamu. Toboa kabla hujaweka kitu. Na ile sahani ya chini iondoe. Kama unaiweka kwa ajili ya vigae vya barazani, mwaga maji yake mara tu yanapoacha kutiririka.

Sasa namna ya kujua mmea unasema nini. Sahau ratiba, tumia kidole gumba. Bonyeza tumbo. Likiwa gumu, lina akiba, hata kama udongo wa juu umekauka. Likibonyea kidogo, pande zote sawasawa, ngozi ina mikunjo midogo na udongo umekauka hadi chini, hiyo ni kiu tu. Mwagilia, na baada ya siku chache litajaa tena. Lakini likibonyea upande mmoja, hasa karibu na udongo, ngozi ya hapo imepiga weusi na udongo ungali na unyevu, huo ni uozo. Watu wanachanganya hali hizi mbili kwa sababu zote mbili huangusha majani, na wakiona majani yamenyauka wanakimbilia ndoo.

Uozo ukiuwahi unatibika. Ng'oa mmea wote, osha mizizi, uweke mezani. Chukua kisu kikali ulichokipangusa kwa spiriti, anza kukata pale palipolegea. Nyama iliyooza ni ya kahawia na ina majimaji. Iliyo hai ni nyeupe inayoelekea rangi ya krimu, imara, na inatoa utomvu. Endelea kukata hadi usione hata nukta ya kahawia, na baada ya kila mkato pangusa kisu tena. Wengi hapa wanaona huruma, wanaacha kidoti kimoja, na kidoti hicho ndicho kinachorudi. Nimewahi kubakiwa na theluthi ya tumbo na mmea ukapona. Paka dawa ya ukungu ya unga, au unga laini wa mkaa kama huna, kisha uning'inize kivulini penye upepo wiki moja au mbili, mpaka kidonda kifanye gamba kavu. Ndipo upande kwenye mchanganyiko mkavu, na maji yasubiri wiki nyingine. Utanyauka kweli, lakini ile akiba iliyobaki tumboni ipo kwa ajili ya siku kama hizo.

Kwa mwambao wetu, mwezi wa hatari si Aprili kama wengi wanavyodhani. Aprili mvua ni kubwa lakini joto lipo, mmea bado unakunywa. Hatari ni Juni: udongo umeshiba maji ya masika, mawingu bado yapo, kipupwe kinaingia, na mmea umepunguza mwendo. Kama baraza lako lina paa, sogeza vyungu chini ya paa tangu mvua za mfululizo zinapoanza. Kama hauna pa kuvisogeza, viegemeze ubavu siku za mvua kubwa ili maji yasituame. Kwa walioko Arusha, Iringa au Nairobi, kuanzia Juni hadi Agosti punguza maji hadi karibu na hakuna, na usishtuke majani yakidondoka yote. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 10 mmea huanza kuumia, kwa hiyo Njombe na Mafinga uingize ndani. Ndugu zetu walio Ulaya wakati wa baridi wauweke kwenye dirisha linalopata jua, wauache ulale mkavu.

Jua halina mjadala. Ukiuweka sebuleni utapata majani marefu na matawi membamba yanayotafuta dirisha, maua hutayaona. Unataka jua la moja kwa moja saa sita kwa siku, zaidi ya hapo ni heri. Ila uliotoka kwenye kivuli cha kitalu usiutoe moja kwa moja kwenye jua la saa saba mchana. Tumbo huungua kama ngozi ya mtu, na kovu lake halifutiki. Uzoeshe kwa wiki mbili hivi.

Mbolea ni kidogo. Yurea iache kwa mahindi: itakupa majani mengi na matawi laini yanayovutia wadudu. Mbolea ya mchanganyiko yenye naitrojeni ya wastani, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko, mara moja kwa mwezi wakati wa joto, inatosha kabisa.

Kinacholeta maua kuliko mbolea ni mkasi. Maua hutokea kwenye ncha za matawi mapya, kwa hiyo ncha nyingi, maua mengi. Mwezi wa Septemba, kipupwe kikiisha, nakata matawi yote yabaki na urefu wa kama shubiri. Mmea unaonekana umeharibiwa, na kuna mama mmoja alinigombeza mbele ya watu kwa nilichoufanyia mmea wake. Lakini kila palipokatwa huchipua matawi mawili au matatu, na vuli zikianza kunyesha unakuwa umefunga vitumba.

Ukikata, vaa glavu, na usijiguse macho. Utomvu wa mmea huu ni sumu inayoshambulia moyo. Si hadithi za kutishana: Wahadzabe wa pande za Ziwa Eyasi huuchemsha ukawa mzito wakapaka mishale ya kuwindia. Kuugusa mmea mzima hakukudhuru, watoto wanaweza kupita karibu, lakini wasitafune jani wala ua, na mabaki ya ukataji usiwatupie mbuzi.

Mtaalamu wa kwanza kuuandika mmea huu kisayansi, Peter Forsskål, alikuwa kwenye safari ya utafiti iliyotumwa na mfalme wa Denmaki, akafia Yemeni mwaka 1763. Kazi yake ilichapishwa mwaka 1775, na humo waridi la jangwa aliliweka kundi moja na oliandari, kile kichaka chenye majani membamba marefu na maua ya waridi kinachopandwa sana kwenye bustani za hoteli. Baadaye wenzake walilitenga, lakini wadudu hawana habari na mabadiliko hayo. Vidukari vya njano vyenye miguu myeusi vinavyojaa kwenye vitumba vyake ni vilevile vya oliandari, na maji yenye sabuni kidogo yanavimaliza. Yupo pia kiwavi wa nondo wa oliandari: mnene, kijani, urefu wa kidole, ana pembe mkiani na madoa mawili ya buluu karibu na kichwa yanayofanana na macho. Anaweza kumaliza majani ya mmea mdogo usiku mmoja. Ukikuta mmea umebaki vijiti na chini kuna vinyesi vyeusi vya duaraduara, mtafute asubuhi na mapema, mtoe kwa mkono. Hauna haja ya kupulizia sumu, majani yatarudi. Wakati wa kiangazi angalia na utitiri mwekundu, upande wa chini wa majani, na kila unapomwagilia yapige maji kwa chini.

Swali la mbegu au kipande hulisikia kila wiki. Kipande cha tawi kinaota vizuri, na kitatoa maua mapema, ila tumbo lake mara nyingi halijengeki kama la mche wa mbegu. Mimi napanda mbegu, na mbegu ninazitengeneza mwenyewe maana ua hili ni gumu kwa wadudu wetu wengi wa mjini. Chungulia ndani ya tarumbeta: utaona koni ndogo yenye mikia mitano ya nywele. Chavua iko ndani ya koni hiyo, na stigma, yaani sehemu ya ua inayopokea chavua, imejificha humohumo. Napasua tarumbeta upande mmoja, nachukua njiti ya ufagio wa chelewa niliyoichonga ikawa nyembamba kama unywele mnene, naipenyeza kati ya mikia miwili nikipanua koni, naitoa na kivimbe cha chavua inayonata, naipeleka kwenye ua la mmea mwingine. Mmea mwingine, si ua jingine la mmea uleule, maana kwa kawaida mmea hukataa chavua yake wenyewe. Kazi ikifanikiwa, baada ya wiki chache zinatokea pembe mbili zinazoachana. Zifunge uzi kabla hazijakomaa, kwa sababu siku zikipasuka, kila mbegu ina kishungi cha manyoya kila upande, na upepo wa alasiri hautakungoja. Panda zikiwa mbichi, zilaze, zifunike kidogo tu. Kwenye joto letu ndani ya wiki zimechomoza.

Ile yenye maua ya tabaka mbili, meusi-mekundu au ya mistari, mingi imebebeshwa: kikonyo cha aina ya Thailand juu ya shina la mche wa kawaida. Hakuna ubaya. Ila machipukizi yanayotoka chini ya kiungo yanyofoe kila unapoyaona, la sivyo mwakani utamlaumu muuzaji kwamba ua jekundu limegeuka la waridi.

Ambayo siuzi, na nakuomba usinunue, ni yale matumbo makubwa yaliyong'olewa porini na kuletwa mjini yamefungwa kwenye viroba. Mizizi yake imekatwa kwa panga, nusu yake huoza ndani ya msimu mmoja, na mmea wa ukubwa ule umechukua miongo kukua kati ya mawe yake. Utayatambua: tumbo limejaa makovu ya zamani, limepinda, na ukilisukuma kwa kidole linayumba kwa sababu halijashika udongo. Mche wa mbegu wa miaka mitatu una tumbo laini la mviringo na hautikisiki. Ukiwa na shaka, mwombe muuzaji autoe kwenye chungu uione mizizi. Aliyeuotesha mwenyewe hatakataa.