Marinda ya karatasi: yanayosemwa vibandani na yaliyo kweli

Pita kwenye vibanda vya mafundi cherehani Mwanjelwa, Mbeya, au Mashine Tatu pale Iringa, utakuta karatasi zimetundikwa ukutani: gazeti lililokatwa umbo la mkono wa gauni, kipande cha kaki kilichoandikwa kwa kalamu "shingo, mama mchungaji". Hiyo hakuna anayeishangaa. Lakini fundi akionekana anakunja karatasi, anaifungua, anaikunja upya kwa upande mwingine, na mezani hakuna hata nusu mita ya kitambaa, maneno yanaanza. Mengi ya maneno hayo si kweli, na baadhi yanasemwa na mafundi wenyewe, jambo linaloniudhi kuliko ya wateja.

"Hiyo ni kazi ya chekechea"

Marinda makali unayoyaona kwenye nguo za gharama kubwa yanazaliwa kwenye karatasi. Paris kuna karakana ya marinda iitwayo Lognon, iliyoanza mwaka 1853 na kununuliwa na Chanel mwaka 2013. Chombo chao kikuu hadi leo ni ukungu, yaani kalibu, wa karatasi nene uliokunjwa kwa mkono.

Ukungu huo uko hivi. Karatasi mbili za ukubwa mmoja zinachorwa mistari ileile na kukunjwa zikiwa zimepandana, mpaka mikunjo ya juu ikae ndani ya mikunjo ya chini bila kuachana. Kisha zinatenganishwa, kitambaa kinatandazwa katikati, na vyote vitatu vinabanwa pamoja kufuata mikunjo iliyokwisha kuwepo. Furushi hilo linafungwa, linaingizwa kwenye mvuke, linatolewa, na linaachwa lipoe likiwa bado limefungwa. Hapo kwenye kupoa ndipo wengi wanapoharibu. Hamu ya kuona inawazidi, wanafungua kitambaa kikiwa cha moto, na rinda linalegea mbele ya macho yao.

Katika maelezo hayo sioni kitu kisichopatikana Mafinga. Karatasi nzito ya kaki, rula, kitu butu cha kuchorea mstari wa mkunjo (kalamu iliyokwisha wino inatosha kabisa), kamba, na sufuria kubwa ya maji yanayochemka yenye kichanja cha kuzuia furushi lisiguse maji. Kinachoadimika ni subira ya kukunja karatasi mbili zilingane, na hiyo haiuzwi dukani.

Mbunifu wa Kijapani Issey Miyake aliugeuza utaratibu huo kichwa chini miguu juu. Kwa kawaida kitambaa kinatiwa marinda kwanza, ndipo kinakatwa na kushonwa. Katika nguo zake za Pleats Please, zilizotoka mwaka 1993, nguo ilishonwa kwanza ikiwa kubwa mara mbili na nusu hadi tatu ya kipimo chake cha mwisho, ndipo ikawekwa katikati ya karatasi na kupitishwa kwenye mashine ya joto. Ilitoka imepungua na kuwa saizi ya mtu. Fundi wa kawaida anayeogopa kushona juu ya marinda yaliyokwisha kukaa, kwa sababu yanakimbia chini ya sindano, aufikirie sana mpangilio huo.

"Pasi ikiwa ya moto vya kutosha, rinda halitoki"

Hapa ndipo pesa za wateja zinapopotelea. Kudumu kwa rinda kunategemea nyuzi za kitambaa. Poliesta ikipata joto, ndani yake hulegea. Ikipoa, hukaza tena kwa umbo iliyonalo wakati huo. Ndiyo maana sketi za shule zilizochanganywa poliesta hufuliwa muhula mzima na marinda bado yanaonekana. Pamba haina tabia hiyo. Umbo unaloipa kwa pasi hushikiliwa na viungo vidogo sana ndani ya nyuzi ambavyo maji huvifungua. Kitenge cha pamba utakipiga pasi asubuhi kikasimama vizuri, kisha mvua moja ya Tukuyu inakirudisha kilivyokuwa dukani.

Tena pamba na karatasi ni ndugu: zote mbili kwa sehemu kubwa ni selulosi. Karatasi yenyewe ikilowa hupoteza mkunjo, sasa kwa nini tuitarajie pamba ifanye tofauti?

Muuzaji akikuapia kwamba kitambaa chake ni "pamba tupu", omba uzi mmoja uuchome. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha majivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Mchanganyiko hufanya yote mawili kidogo kidogo, na hapo inabidi ujaribu kipande kwenye mvuke kabla ya kuahidi kitu.

Pia kuna dhana kwamba moto ukiongezwa rinda linakolea. Poliesta huyeyuka kwenye nyuzijoto 250 hivi, lakini uso wake huanza kung'aa vibaya mapema zaidi. Pasi ya umeme ikiwekwa kwenye alama ya nukta mbili, yaani kiasi cha nyuzijoto 150, inatosha. Pasi ya mkaa haina nukta, kwa hiyo weka karatasi kati ya pasi na kitambaa na uanze na kipande cha kutupa.

Kwa mteja anayetaka marinda ya kitenge cha pamba, jibu la haki ni kuyashonea kuanzia kiunoni hadi nyongani, kisha yaachwe huru chini, naye aelezwe kwamba atayapiga pasi kila akifua. Na hesabu ifanyike kwenye karatasi kwanza. Marinda ya upande mmoja yanayogusana hula kitambaa mara tatu: ukanda wa karatasi wa sentimita 30 ukiukunja hivyo unabaki na sentimita 10. Nyonga za sentimita 100 zinataka mita 3 kuzunguka, kabla hujaweka nafasi ya mshono. Mteja aliyeleta yadi mbili anapaswa kuambiwa siku ileile, si siku ya kuchukua nguo.

"Karatasi ni karatasi"

Ajabu ni kwamba maneno haya yanasemwa Mufindi, kwenye misitu ya Sao Hill, jirani na kiwanda cha karatasi cha Mgololo. Hao ndio walipaswa kuwa wa kwanza kuyakataa.

Karatasi ngumu ya kahawia hupata nguvu kutoka kwenye urefu wa nyuzi zake. Uzi wa msonobari una urefu wa milimita 3 hivi, wakati wa mkaratusi ni karibu milimita 1 tu. Tena mbao zinapopikwa kwa kemikali, ile gundi ya asili inayogandisha nyuzi huondoka na nyuzi zinabaki nzima. Karatasi ya gazeti mara nyingi hutokana na mbao zilizosagwa: nyuzi zimekatika na gundi imebaki humo, ndiyo maana likikaa juani siku chache linageuka njano na kukatikia kwenye mkunjo. Gazeti ni zuri kwa kukatia umbo la mkono au kola. Kwa ukungu wa marinda litakuangusha.

Karatasi ya mashine ina mwelekeo pia, kama kitambaa kilivyo na mtande na mshindo, yaani nyuzi za urefu na za upana. Nyuzi nyingi hulala kufuata upande ambao karatasi ilikuwa ikikimbia mashineni. Ukikunja kufuata mwelekeo huo, mkunjo unanyooka. Ukikunja kwa kuukata, unapasuka na kumeng'enyeka. Kuujua ni rahisi: lowanisha kipande kidogo upande mmoja. Kitajiviringa kama bomba, na bomba hilo limelala kufuata nyuzi.

Mifuko ya saruji ya karatasi ni mali nzuri kwa majaribio, ila vumbi lake huunguza ngozi na macho. Tumia tabaka za ndani ambazo hazikugusa saruji, na ufute hata hizo. Karatasi za kutengenezwa kwa mkono, kama zile za kinyesi cha tembo zilizoipa sifa karakana ya Neema Crafts pale Iringa tangu 2003, ni hadithi nyingine. Nyuzi zake nene hutoa uso wa kuvutia sana wa kuiga kwenye darizi au chapa, lakini kwa marinda membamba nisingezigusa.

"Ikikubali kwenye karatasi, itakubali kwenye kitenge"

Hii ni dhana ya waliokwisha kuupenda mchezo, na ndiyo ngumu kuing'oa.

Karatasi inapinda upande mmoja tu kwa wakati mmoja. Utaiviringisha ikawa bomba au koni, lakini jaribu kuivalisha chungwa: lazima ijikunje au ichanike. Bega, kifua na nyonga vimepinda pande mbili kwa pamoja. Kitambaa kinajitahidi kuvifuata kwa sababu nyuzi zake zinaweza kusogea, hasa kikivutwa kwa mshazari. Mfaransa Madeleine Vionnet, aliyepata sifa kwa magauni ya mshazari miaka ya 1920 na 1930, alibuni kwa kitambaa juu ya kidoli cha nusu saizi. Gauni la namna hiyo usilianze na karatasi, maana karatasi haitakuambia chochote kuhusu jinsi litakavyoanguka.

Panapofaa karatasi ni kwenye maumbo yenye kona, kola zinazosimama, mikono yenye matuta, na mikunjo inayojirudia. Mwaka 2010 kundi la Miyake lilitoa nguo zilizoitwa 132 5., zilizotokana na kazi ya Jun Mitani, mtaalamu wa kompyuta anayeshughulika na hisabati ya kukunja karatasi. Zikiwa mezani ni maumbo bapa yenye pembe. Ukizishika katikati na kuinua, zinakuwa sketi au gauni. Mjapani mwingine, Koryo Miura, alibuni mkunjo unaofunguka wote kwa kuvuta kona mbili tu, na mwaka 1995 ulitumika kwenye paneli ya jua ya chombo cha anga. Mkunjo huo unaingia vizuri kwenye ukungu wa karatasi mbili. Ila angalia: unakula kitambaa kwa urefu na kwa upana, kwa hiyo ile hesabu ya mara tatu haitoshi tena.

Kisha kuna unene. Kila rinda ni tabaka tatu. Kwenye karatasi nyembamba hutaona tofauti; kwenye kitenge kizito kiuno kinavimba na sindano inagoma. Na uzito: sketi ya karatasi husimama yenyewe, ya kitambaa huning'inia. Kati ya karatasi na kitambaa cha mteja, pitia amerikani ya bei rahisi.

Mengine, kwa kifupi

"Lazima ujue kuchora." Hapana. Asiyeweza kuchora ua anaweza kukunja kola nzuri kuliko mchoraji, kwa sababu mkono unapata jibu papo hapo.

"Nguo za karatasi ni uzushi wa juzi." Wajapani walivaa kamiko karne nyingi zilizopita: karatasi ya magome ya mforosadi iliyopakwa wanga wa kiazi kiitwacho konnyaku na kusuguliwa ikalainika. Walikuwa na shifu pia, kitambaa kilichofumwa kwa karatasi iliyokatwa mikanda na kusokotwa kuwa uzi. Wanawake wa Iringa wanaofuma vikapu vya milulu wangeielewa kazi hiyo bila mkalimani. Marekani, kampuni ya Scott Paper iliuza gauni la karatasi kwa dola 1.25 mwaka 1966, likanunuliwa sana, kisha fasheni ikapita upesi. Lakini hata hilo lilitiwa wavu wa nyuzi ndani ili lisichanike. Yale magauni ya kutupa ya hospitalini mara nyingi si karatasi kabisa, ni plastiki.

"Stensili ya karatasi ni ya mara moja." Za Kijapani hugandishwa tabaka kadhaa na kupakwa maji ya tunda lenye ukakasi, zikatumika tena na tena. Kwa batiki za hapa, kaki iliyosuguliwa nta ya mshumaa na kupigwa pasi huvumilia rangi vya kutosha, mradi umeacha vidaraja vya kushika vipande vya ndani.

Na jezi. Wengi huamini picha za jezi zimepakwa rangi juu. Nyingi huchapwa kwanza kwenye karatasi, kisha karatasi na kitambaa hubanwa kwa joto la nyuzijoto 180 hadi 210; wino hugeuka mvuke na kuzama ndani ya poliesta. Kwenye pamba wino huo haushiki. Mteja akileta fulana ya pamba na kuomba picha ya namna hiyo, mwambie kabla hajatoa hela.