Maji ya ziwa, bidoni na kikombe: ujumbe kwa familia za Goma

Januari 2025 vita vilipoingia Goma umeme ulikatika, na umeme ukikatika pampu za maji nazo zinasimama, basi watu wakashika bidoni (madumu) zao za njano wakateremka Ziwa Kivu, wengine kichwani wengine kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma. Huwezi kumlaumu mtu, mji umekaa juu ya mawe ya volkano, mto haupiti mjini, sasa mwenye kiu aende wapi?

Ila wamama na vijana mnaochota, nawaomba sana. Maji ya ziwa unaweza kuyaona meupe mpaka mawe ya chini yanaonekana, lakini kipindupindu hakionekani kwa macho. Wazee wanakumbuka Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipojaa hapa, kipindupindu na kuhara damu viliua makumi ya maelfu ya watu kwa wiki chache tu.

Ukimkuta yule mtu wa klorini, dawa ya kuua vijidudu vya maji, pale ziwani na bomba lake la sindano, usimkwepe eti maji yatanuka, mwache atie dawa, tikisa bidoni, ngoja nusu saa ndo unywe. Yakiwa na tope chuja kwanza kwa kitambaa safi maana tope linamaliza nguvu ya dawa. Klorini hakuna? Chemsha mpaka yatokote, najua makala (makaa ya kupikia) ni ghali, basi chemsha hata ya kunywa tu.

Sasa tunapoharibu wengi ni nyumbani. Maji yametiwa dawa vizuri kabisa, lakini chungulia ndani ya bidoni uone ule utelezi wa kijani, au mtoto anachovya kikombe kwenye ndoo na vidole vyote vinne vimezama, hapo kazi yote imekwenda bure. Tia vijiwe, sabuni na maji kidogo, tikisa kwa nguvu, suuza. Na maji ya kunywa yamiminwe, yasichotwe.

Mtu akianza kuhara maji kama ya kuoshea mchele, anza kumnywesha palepale: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa juu, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Najua usiku kutoka ni hatari, ndo maana mchanganyiko huu kila mtu nyumbani aujue, hata watoto wakubwa. Akitapika ngoja dakika 10 umpe tena polepole, mtoto wa kunyonya aendelee kunyonya, na njia ikipitika tu mkimbizeni kituo cha afya huku anakunywa njiani.