Ubongo hauna akiba

Ndugu wa mgonjwa wakinisimamisha mlangoni mwa chumba cha upasuaji, swali lao huwa moja: moyo utapiga tena? Mimi ni daktari wa usingizi, na kinachoninyima raha ni ubongo. Uzito wake ni kama asilimia 2 tu ya mwili, ila unakula karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, tena hauna akiba.

Chukua upasuaji wa vali ya mitrali, yaani mlango wa damu kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo; kwetu Afrika Mashariki huwapata sana vijana walioumwa utotoni homa ya rumatiki, ambayo huharibu vali. Moyo unasimamishwa, mashine ya moyo na mapafu inapokea kazi, upande wa kushoto unafunguliwa. Hewa inaingia. Ikibaki humo, mapigo ya kwanza yataipandisha kwenye aota, mshipa mkuu utokao moyoni, hadi kichwani, na hapo kiharusi si mbali. Kwa hiyo tunajaza kaboni dayoksaidi ndani ya kifua kilicho wazi: ni nzito kuliko hewa, huisukuma itoke, na huyeyuka kwenye damu upesi zaidi.

Bado haitoshi. Kwenye ultrasaundi niliyoipitisha kooni naona viputo vikimeta kama vumbi kwenye mwali wa jua dirishani. Najaza mapafu ili hewa iliyojificha itoke, mpasuaji anaivuta kwa sindano kwenye aota. Ananiuliza, "Tayari?" Nikisema bado, tunangoja.

Kisha kumrudishia mgonjwa joto, maana mwili ulipozwa wakati wa upasuaji. Saa hiyo kila mtu amechoka, na hapo ndipo haraka huponza. Damu inayotoka kwenye mashine isizidi nyuzi 37, kwa sababu ubongo uliopashwa kupita kiasi huumia. Bora tukawie.

Muda wote huo vibandiko viwili kwenye paji la uso hunionyesha oksijeni ya kila upande wa ubongo. Ikishuka kwa asilimia 20 kutoka ilipoanzia, sisubiri. Siku moja upande wa kushoto peke yake ulitoka 68 ukafika 50. Kabla ya kugusa dawa nikainua shuka: kichwa kilikuwa kimegeuka, shingo imejikunja. Nikakinyoosha, namba ikapanda.

Mgonjwa akiamka ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, namwambia anibane vidole, mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Mpira wa kupumulia ukishatolewa, namwomba anitajie jina la mama yake.