Msamaha wa rais kama malipo ya utiifu wa kisiasa

Katiba ya Marekani inampa rais uwezo wa kusamehe makosa dhidi ya sheria za shirikisho. Halazimiki kutoa sababu, na Bunge haliwezi kuutengua msamaha wake. Wizara ya Sheria ina ofisi ya kupokea na kuchuja maombi, lakini rais akitaka anaipita tu.

Msamaha unakuwa malipo ya utiifu pale mtu anaposamehewa kwa sababu alisimama na rais, si kwa sababu alionewa au amejirekebisha. Mfano ulio wazi kuliko yote, kwa maoni yangu, ni wa Roger Stone, mshauri wa kisiasa wa siku nyingi wa Donald Trump. Mwishoni mwa 2018 alitamka hadharani kwamba hatatoa ushahidi dhidi ya Trump katika uchunguzi wa Urusi kuingilia uchaguzi wa 2016, naye Trump akamsifu kwa ujasiri. Baadaye Stone alitiwa hatiani kwa kulidanganya Bunge na kumshawishi shahidi, akahukumiwa miezi 40. Julai 2020, siku chache kabla ya kuripoti gerezani, Trump alimfutia kifungo, na Desemba akamsamehe kabisa. Michael Cohen, wakili wa zamani wa Trump aliyeamua kushirikiana na wachunguzi, hakupata kitu.

Madhara makubwa yako hapo. Kila shahidi anayejua siri za wakubwa huona nani kalindwa na nani kaachwa, akapima maneno yake kabla hata hajaitwa kuhojiwa.

Hofu hii ni ya zamani. Mwaka 1788, Katiba ilipokuwa ikijadiliwa Virginia, mwanasiasa George Mason alionya kwamba rais angeweza kusamehe uhalifu aliouagiza mwenyewe. James Madison, mmoja wa walioiandika Katiba, akajibu kwamba rais wa namna hiyo atashtakiwa bungeni. Lakini kumwondoa kunahitaji theluthi mbili ya kura za Seneti, na hakuna rais aliyewahi kuondolewa hivyo. Januari 2025, Trump aliwasamehe kwa mkupuo watu wapatao 1,500, wafuasi wake, walioshtakiwa kwa uvamizi wa Bunge wa Januari 6, 2021.

Kinga iliyobaki ni sheria za majimbo, ambazo msamaha wa rais hauzigusi. Steve Bannon, mshauri wa zamani wa Trump, alisamehewa naye 2021 katika kesi ya kuwalaghai watu waliochangia ujenzi wa ukuta wa mpakani. Jimbo la New York likamfungulia mashtaka yake, na Februari 2025 akakiri kosa, ingawa hakufungwa.