pH ya udongo sio rutuba jamani

Kila msimu wa kuandaa mashamba huku Newala na Tandahimba nasikia "udongo wangu pH imeisha, natafuta mbolea niiongeze". Inaniuma kweli, maana huyo anaenda kutoa hela kwa kitu ambacho hakigusi tatizo lake na soya itabaki ya njano vilevile.

pH ni kipimo cha tindikali, basi. Inaanzia 0 mpaka 14, chini ya 7 ni tindikali, juu yake alkali. Na kila namba ni mara kumi, yani udongo wa 5 una tindikali mara kumi kuliko wa 6, sio "kidogo tu". Soya inapenda kuanzia 6 hadi karibu 7.

Rutuba ni chakula kilichomo, naitrojeni, fosforasi, potashiamu na wenzake. Watu wanapotelea hapa kwa sababu dalili zinafanana. Udongo ukishuka chini ya 5.5 aluminiamu inaanza kuyeyuka inaumiza ncha za mizizi, mizizi inakuwa mifupi minene, na fosforasi uliyoweka inashikwa na aluminiamu na chuma mmea hauipati. Mbolea ipo shambani na mmea una njaa! Mkulima anaona njaa, anamwaga mbolea nyingine, na akiwa amechukua SA (mbolea ya salfeti ya amonia) ndo anazidi kuishusha hiyo pH.

Soya ina lake tena, naitrojeni yake nyingi inatengenezwa na bakteria walioko kwenye vinundu vya mizizi na hao tindikali kali hawaiwezi. Chimbua mche taratibu ukianza maua, pasua kinundu kwa kucha, ndani kukiwa na wekundu au pinki kinafanya kazi, kikiwa cheupe au kijani hakuna kitu.

Sasa sisi wa korosho tuna sababu ya ziada ya kuwa makini. Salfa ya unga tunayopuliza kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho, ile inayoanguka chini bakteria wa udongo wanaigeuza asidi, na kichanga chetu cha uwanda wa Makonde hakina mfinyanzi wala mboji ya kutosha kuhimili hilo. Shamba lililopulizwa miaka mingi usilitie soya kabla ya kupima.

Kinachopandisha pH ni chokaa ya kilimo, ichanganywe na udongo mapema kabla ya kupanda maana inafanya kazi polepole. Kichanga kinahitaji chokaa kidogo kuliko mfinyanzi, ila ukizidisha zinki na manganizi navyo vinaanza kuadimika kwa mmea.

Kwa hiyo ndugu zangu tuseme "pH imeshuka", sio "imeisha", na dukani tuulize chokaa. Kiasi gani kwa eka, hapo ni mpaka udongo wako upimwe, na wataalamu wa TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo, tunao hapa hapa Mtwara.